Upepo wa Kajiado wavuma, hatimiliki ni za nani?
Tangu mwaka 2021, mitambo 60 ya Kipeto huzalisha megawati 100 za umeme kwa upepo wa Kajiado, na wenye ardhi hulipwa. Lakini ranchi za vikundi, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1968, zilisajili hasa wanaume. Zilipogawanywa, hatimiliki zikawafuata wao. Kampuni yoyote inayomtambua mwenye hati pekee huenda haivunji sheria, ila huendeleza dhuluma ya kale. Kifungu cha 60 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi ukomeshwe. Mwaka 2013, Kajiado Mashariki ilimchagua Peris Tobiko, mbunge wa kwanza mwanamke Mmaasai. Binti wa Ewuaso Kedong asiridhike na kiti hicho: adai jina lake kwenye hati kabla ya mkataba mwingine kutiwa sahihi.