Ayubu Hakunyamaza

Kila Ijumaa viwanja vya makanisa ya Ruwi na Ghala, mjini Maskati, hujaa waumini waliotoka mbali. Wengi ni Wahindi na Wafilipino, na miongoni mwao wamo wanawake wa Kenya, Uganda na Tanzania Bara waliopata ruhusa ya saa chache kutoka katika nyumba wanazotumikia. Waliopata ruhusa ni wenye bahati. Wenzao wasioipata husali jikoni, au kitandani usiku wa manane, simu ikiwa imepunguzwa sauti chini ya shuka. Wa kanisani na wa jikoni huusiwa jambo moja: vumilia. Huambiwa na mhubiri, huambiwa na mama aliyebaki Kakamega, Masaka au Singida, huambiwa na wakala aliyewasafirisha, na kila anayelisema neno hilo hulivika jina la Mungu. Nasaha hiyo, kwa namna inavyotolewa, haikutoka katika Injili. Imetoka katika hofu ya wanaoitoa, na faida yake huwaendea wale wasiotaka kuulizwa.

Ni vyema kwanza kieleweke kinachotakiwa kuvumiliwa. Chini ya mfumo wa kafala, mfanyakazi wa ndani huingia nchini kwa dhamana ya mwajiri mmoja, na kibali chake cha ukaazi hufungwa kwa mwajiri huyo. Akitoka nyumbani bila idhini, hata kama ametoka kwa kupigwa, anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka. Sheria ya Kazi ya Omani ya mwaka 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa ndani. Kanuni zilizowahusu, za mwaka 2004, ziliwapa ulinzi mdogo, tena usio na adhabu kwa anayeukiuka. Sheria mpya ya kazi iliyotangazwa Julai 2023 nayo haikuwaingiza. Shirika la Human Rights Watch liliwahoji wafanyakazi wa ndani 59 kwa taarifa yake ya mwaka 2016 kuhusu Omani, na Watanzania 50 waliowahi kufanya kazi Omani na Umoja wa Falme za Kiarabu kwa taarifa ya mwaka 2017. Masimulizi yao yanafanana: pasipoti kushikwa, mshahara kukatwa au kutolipwa kabisa, siku za kazi zisizo na mapumziko, matusi, vipigo, na kwa baadhi yao udhalilishaji wa kijinsia. Wapo waajiri wema, na wapo wanawake waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Lakini pale ambapo heshima ya mtu hutegemea tabia ya aliyempata, wema huwa bahati nasibu, na haki haistahili kupigiwa kura.

Kiswahili kina utajiri wa maneno kwa jambo hili: subira, saburi, uvumilivu, ustahimilivu. Utajiri huo umekuwa pia maficho, kwa maana maneno yote manne yametumiwa kufunika neno la tano, unyamavu, ambalo halimo katika ukoo wao. Nyuma ya tafsiri za Agano Jipya kuna maneno mawili makuu ya Kiyunani. La kwanza, makrothumia, ni urefu wa moyo, yaani hasira isiyowaka upesi. Neno lenyewe linakiri kuwa hasira ipo na kwamba ina sababu. Linachodai ni kuwa isimtangulie mwenyewe. La pili, hupomone, ni kubaki mahali chini ya uzito bila kung'oka. Askari anayeshika lindo usiku kucha anayo hupomone, na hakuna anayemsifu kwa kunyamaza adui anapopita.

Wanaohubiri unyamavu hupenda kuisaidia Biblia kwa methali: mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo ni ya kweli, ila inamsema mtu anayengoja tunda liive. Haimsemi mtu ambaye tunda lake limekwisha kuiva, likachumwa na mwingine, likaliwa mbele ya macho yake. Mshahara wa mwezi uliokwisha ni tunda lililoiva. Kumwambia mwenye nao aendelee kungoja ni kuitumia methali kumtetea mwizi wa shamba.

Andiko linalopendwa zaidi katika mahubiri ya namna hii ni Waraka wa Yakobo, sura ya 5, kuanzia aya ya 7. Hapo Yakobo anamtaja mkulima angojaye mazao ya nchi hadi mvua zote mbili zinyeshe, na anawataka wasomaji wake wawe na moyo kama wa mkulima huyo. Ni taswira nzuri, na mwanamke aliyelelewa shambani Singida anaielewa kuliko mhubiri wa mjini. Lakini sura haianzii hapo. Aya sita za mwanzo zinawageukia matajiri na kuwaambia waomboleze, kwa sababu ujira waliowazuilia vibarua wao umekuwa na sauti, na sauti hiyo imekwisha kumfikia Mungu. Ndipo inapokuja nasaha ya subira, ikiunganishwa na yaliyotangulia kwa neno dogo lenye maana ya "basi". Subira ya Yakobo imesimama juu ya mashtaka. Wenye kudai wanaambiwa wawe na moyo mrefu kwa sababu dai lao limekwisha kusikilizwa, na hukumu iko mlangoni. Anayeianza sura kwenye aya ya 7 amewaondolea wasikilizaji wake aya sita zilizoandikwa kwa ajili yao. Amefanya lile lile alilofanya mwajiri: amezuia kilicho chao.

Aya chache mbele, Yakobo anamtaja Ayubu kuwa kielelezo. Jina hilo si geni Omani. Katika milima iliyo juu ya mji wa Salala, kusini kabisa ya nchi, lipo kaburi linalonasibishwa na Nabii Ayubu, na Waislamu wengi huenda kulizuru. Dini zote mbili zimemfanya Ayubu kuwa baba wa wenye subira. Kwa Wakristo, hata hivyo, kuna kitabu kizima chenye jina lake, na aliyekisoma hawezi kudai kuwa Ayubu alinyamaza. Katika sura mbili za mwanzo anapokea msiba kwa utulivu. Kuanzia sura ya 3 anafungua kinywa, analaani siku aliyozaliwa, na kwa makumi ya sura anadai kesi yake isikilizwe, anatamani maneno yake yaandikwe yasipotee, na anakataa kukiri kosa asilolitenda. Wanaomtaka atulie ni marafiki zake. Wao wana mafundisho safi: kwamba Mungu hakosei, kwamba mateso yana sababu, kwamba huenda mteswa amekosa mahali. Katika sura ya mwisho Mungu anawakasirikia marafiki hao, anatamka kuwa hawakusema yaliyo sawa kama alivyosema Ayubu, na anawaagiza wakaombewe na yule yule waliyemhubiria. Hiyo ndiyo subira ya Ayubu: hakumwacha Mungu, na hakuliacha dai lake. Maskati ina akina Ayubu wengi, na kila mmoja ana marafiki zaidi ya watatu.

Mji huu pia una kumbukumbu ya wale ambao hawakungoja. Hadi mwaka 1970, Sultani Qaboos bin Said alipoingia madarakani, utumwa ulikuwa haujafutwa Omani. Katika miongo iliyotangulia, watumwa wengi walitoroka wakakimbilia ubalozi mdogo wa Waingereza mjini Maskati kudai hati ya uhuru. Maelezo yao mafupi yamehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za utawala wa Kiingereza: jina, mahali mtu alipozaliwa, nani alimteka, nani alimnunua, kwa nini amekimbia. Baadhi yao walizaliwa katika mwambao wa Afrika Mashariki. Waingereza hawakuwa malaika, na sera yao ilifuata maslahi yao. Lakini nyaraka hizo zipo kwa sababu watu waliodhulumiwa waliamua kusema mbele ya shahidi. Lau wangetii wahubiri wa kunyamaza, historia isingekuwa na majina yao.

Ukristo nao una sehemu katika kumbukumbu hiyo. Mwaka 1896 wavulana 18 wa Kiafrika waliookolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa walikabidhiwa kwa Peter Zwemer, mmisionari Mmarekani aliyekuwa Maskati, naye akawafungulia shule nyumbani kwake. Miaka miwili baadaye alifariki dunia. Mengi yanaweza kukosolewa katika umisheni wa zama zile, na yamekosolewa. Hata hivyo, kanisa lililowapokea wavulana hao mjini humo liliwapa paa na shule, halikuwarudisha jahazini na mahubiri ya uvumilivu. Fasihi ya Omani yenyewe imelijadili suala hili kwa uaminifu. Katika riwaya ya Jokha Alharthi iliyotoka kwa Kiarabu mwaka 2010 na kupata tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2019, Zarifa aliyezaliwa utumwani anabaki mwaminifu kwa nyumba ya bwana wake, ilhali mumewe, Habib, hakukubali kamwe kuwa mtumwa, na mwanawe, Sanjar, anaihama nchi. Mwandishi hamdhihaki Zarifa. Anaonyesha tu gharama ya utii wake, na kwamba jamaa zake wa karibu hawakuwa tayari kuilipa.

Watetezi wa nasaha ya kunyamaza wana hoja tatu, na zinastahili jibu. Ya kwanza ni ya Maandiko. Hajiri, kijakazi wa Sara, alipoikimbia nyumba ya bibi yake alikutwa na malaika jangwani akaambiwa arudi. Na Waraka wa Kwanza wa Petro unawataka watumwa wawatii hata mabwana wakali. Lakini Hajiri hakuhojiwa kuhusu kosa lake. Aliulizwa anatoka wapi na anakwenda wapi, akajibu waziwazi kuwa anakimbia, akaahidiwa uzao usiohesabika, naye akampa Mungu jina la Mwenye kuona. Alirudi akiwa ameonwa. Safari ya pili ya jangwani, baada ya kufukuzwa, hakuambiwa arudi. Alifumbuliwa macho akaona kisima. Nao watumwa wa Petro hawakuwa na mlango wa kubisha. Maneno yale humfariji asiye na pa kukimbilia, na hayampi yeyote ruhusa ya kuufunga mlango uliopo. Paulo alipokuwa na mlango aliutumia: huko Filipi alikataa kutolewa gerezani kimyakimya baada ya kupigwa bila kuhukumiwa, na baadaye akakata rufaa kwa Kaisari.

Hoja ya pili ni ya adabu ya mgeni. Makanisa ya Ruwi na Ghala yamejengwa juu ya ardhi iliyotolewa kwa hisani ya Sultani Qaboos, na wageni huabudu humo kwa amani ambayo haipatikani katika kila nchi jirani. Shukrani ni wajibu. Lakini mgeni mwenye adabu hamfichi mwenyeji wake ubaya unaotendeka ndani ya ua, na kumsindikiza mwanamke hadi ofisi ya kazi au ubalozini kwa utaratibu uliowekwa si uchochezi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: anayelalamika anaweza kupoteza zaidi. Anaweza kurudishwa nyumbani na deni la wakala, au kufungiwa ndani, au kuripotiwa mtoro kabla hajafika kokote. Kwa hiyo mwanamke anayeamua kukaa kimya miezi sita ili amalize mkataba ana akili, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Ila huo ni mkakati wake, aliouchagua kwa kupima hatari asizozijua mtu mwingine. Dhambi huanza pale anayekaa salama anapouchukua mkakati huo na kuugeuza amri ya Mungu. Mama anayepokea fedha kila mwezi, wakala aliyelipwa kwa kila kichwa, mhubiri anayeogopa usumbufu, wote hawamo chumbani usiku. Subira ni mali ya mwenye kuteswa, naye peke yake ndiye awezaye kuitoa.

Na hasira je? Mahubiri mengi huichukulia kuwa pepo la kukemewa. Marko anaeleza kuwa Yesu aliwatazama kwa hasira waliokuwa tayari kumwacha mgonjwa bila kuponywa. Yohana anaeleza kuwa alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, yeye aliyefundisha kugeuza shavu la pili alimtaka mpigaji ataje kosa au aeleze kwa nini amepiga. Alilipiza swali kwa pigo. Hasira ya namna hiyo haina chuki ndani yake, na hapo ndipo imani ina kazi ngumu. Maskati ni mji ambao Kiswahili husikika sebuleni, katika nyumba za waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi, na mfanyakazi anaweza kuamrishwa kwa lafudhi ya Unguja. Ni rahisi dai la mshahara ligeuke kisasi cha historia nzima, na watoto wa nyumba wachukiwe kwa makosa ya babu zao. Mkristo amekatazwa jambo hilo. Lakini wanaoikumbuka Januari 1964 wanafahamu kuliko wengi kwamba kumwambia aliyedhulumiwa avumilie na kusahau ni dhuluma ya pili. Mafundisho ya Uislamu nayo yanataka mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Mwenye kudai ujira Maskati hasemi lugha ngeni kwa mwenyeji wake. Anamkumbusha la kwake.

Kanisa linalotaka kufundisha uvumilivu, basi, liufundishe kwa vitendo vinavyouwezesha. Mwanamke afundishwe kabla hajapanda ndege kuacha nakala ya mkataba na ya pasipoti mahali salama. Aandike tarehe za miezi aliyolipwa na asiyolipwa. Ajue namba ya simu ya ubalozi kama anavyojua sala ya Bwana. Parokia ya nyumbani imwulize wakala maswali kabla ya kuombea safari, na ikumbuke baadaye kuuliza aliyesafiri yuko wapi. Na yule wa jikoni anapopiga simu usiku na kusema amechoka, aulizwe kwanza kimetokea nini, na anayeuliza awe na kalamu mkononi. Maombi yafuate, nayo yasomwe kuanzia aya ya 1.