Kuitetea Hadithi Nyepesi ya Mapenzi ya Kale

Iko hukumu moja ambayo hupitishwa katika mabaraza ya wasomi bila ya shahidi kuitwa wala mshitakiwa kusikilizwa. Hukumu hiyo ni kwamba hadithi fupi ya mapenzi, iliyowekwa katika zama za kale na kuandikwa kwa kicheko, si fasihi. Mwenye kuisoma huambiwa anapoteza wakati. Mwenye kuiandika huambiwa anatafuta fedha. Na mwanachuo anayetaka kuichunguza huambiwa atafute jambo la maana. Katika insha hii nakusudia kuipinga hukumu hiyo. Sisemi kwamba kila kitabu cha aina hii ni chema, maana hata katika tenzi ziko zilizo bora na ziko zilizo mbovu. Nasema kwamba aina yenyewe ina kazi ambayo aina nyingine haiifanyi vizuri kama yenyewe, na kwamba dharau tuliyo nayo juu yake haikutokana na kusoma bali imetokana na kutosoma.

Ili tusibishane hewani, na tuchukue mfano mahali ambapo aina hii ilikomaa. Mahali hapo ni Uingereza, na bingwa wake ni Georgette Heyer, aliyezaliwa Wimbledon mwaka 1902 na kufariki mwaka 1974. Kitabu chake cha kwanza, The Black Moth, kilitoka mwaka 1921. Alikuwa amekianza akiwa binti mdogo, kwa ajili ya kumchangamsha ndugu yake aliyekuwa mgonjwa. Tangu mwaka 1935, alipotoa Regency Buck, alirudi mara nyingi kwenye zama ambazo Waingereza huziita Rijensi. Hizo ni zile za miaka 1811 hadi 1820, wakati Mfalme George III alipopatwa na maradhi ya akili na mwanawe akatawala kwa niaba yake. Waandishi wengi wa Uingereza na Marekani walimfuata katika njia hiyo, na vitabu vyao vyembamba vikauzwa kila mahali. Wasomaji wakavipenda, wahakiki wakageuza nyuso zao.

Mashitaka yaliyoletwa juu ya vitabu hivi ni matatu: kwamba ni vifupi, kwamba ni vyepesi, na kwamba husema uongo juu ya historia. Nitayajibu kwa zamu.

Shitaka la kwanza, la ufupi, lisingalistahili jibu kama lisingalikuwa likisemwa na watu wa lugha yetu. Sisi ambao twalisifu shairi la beti tano kwa kuwa limebeba mengi katika machache, sisi ambao twaiona methali ya maneno manne kuwa ni hazina, twawezaje kumlaumu mtunga hadithi kwa kutosema maneno mengi? Mwaka 1960 Heyer alitoa mkusanyo wa hadithi fupi kumi na moja uitwao Pistols for Two. Mojawapo ya hadithi hizo huitwa Hazard. Ndani yake mtu mmoja amekwisha poteza fedha zake katika mchezo wa dadu, na kwa kuwa hana tena cha kuweka, anamweka dada yake wa kambo. Kijana mmoja wa ukoo mkubwa, ambaye amelewa, anamshinda. Na usiku ule ule anampakia binti yule katika gari la farasi kwenda kumwoa. Kulipokucha pombe inamtoka, naye anamkuta mbele yake mwanamke mwenye akili timamu ambaye hamkumbuki vizuri amempataje. Kicheko kinaanzia hapo. Walakini msomaji asisahau kicheko hicho kimesimama juu ya nini: kimesimama juu ya mwanamke aliyewekwa mezani kama sarafu. Mwandishi hakuhitaji sura thelathini kutuonyesha jambo hilo. Alihitaji usiku mmoja na asubuhi yake.

Hapo tumekwisha ingia katika shitaka la pili, ambalo ndilo zito: kwamba hadithi hizi ni nyepesi, nazo huwalaza watu usingizi. Wasemao hivyo hudhani kwamba mwisho wa furaha ni kuukimbia ukweli. Mimi naona kinyume chake. Mwisho wa furaha ni hoja, na nguvu ya hoja hiyo haionekani na mtu asiyeijua sheria iliyokuwapo.

Kwa sheria ya Uingereza ya zama zile, mwanamke alipoolewa fedha zake za mkononi na ujira wake vilikuwa mali ya mume, na ardhi yake ikawa chini ya mamlaka ya mume. Hali hiyo ilianza kurekebishwa kwa sheria ya mwaka 1870, na ikageuzwa hasa kwa sheria ya mwaka 1882. Kabla ya mwaka 1857, aliyetaka talaka kamili impayo ruhusa ya kuoa au kuolewa tena alihitaji sheria ya peke yake ipitishwe na Bunge, jambo lililogharimu fedha nyingi na ambalo wanawake wachache mno waliwahi kulipata. Sheria ya mwaka 1753 nayo ilimkataza aliye chini ya miaka 21 kuoa au kuolewa kwa leseni bila ya idhini ya mzazi au mlezi. Lakini sheria hiyo haikufika Uskochi, na kwa hiyo wapendanao walikimbilia kijiji cha Gretna Green, kilicho ng'ambo tu ya mpaka. Asiyejua hayo huona katika hadithi hizi mbio za magari ya farasi tu. Ayajuaye huona watu wanaoukimbia mkono wa sheria kwa muda wa safari moja.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu zaidi ya kulitazama jambo hili. Katika miaka ile ile mwanamke huru wa Lamu au Unguja, kwa sheria ya Kiislamu, alikuwa mwenye mahari yake, na mali aliyoirithi ilibaki yake hata baada ya kuolewa. Bibi wa London, aliyevaa hariri na kupanda gari la farasi wanne, hakuwa na haki hiyo kwa sheria ya kawaida ya nchi yake, isipokuwa jamaa zake wamemwekea mali kwa wadhamini. Basi mwanamke wa hadithi anapomkataa mchumba tajiri kwa maneno ya mzaha, mzaha huo si mchezo. Anakataa kuikabidhi nafsi yake na kila alicho nacho kwa mtu asiyemheshimu. Ulimi ndio silaha ya pekee aliyoachiwa, na mwandishi anaunoa. Sisi tuliolelewa kwa hekaya za Abunuwasi twalijua jambo hili tangu utotoni: mnyonge humshinda sultani kwa akili, na watu hucheka kwa sababu wanajua kwamba nje ya hadithi sultani angalimkata kichwa.

Tena si kweli kwamba wepesi hauwezi kubeba huzuni. Katika A Civil Contract, kitabu cha mwaka 1961, Heyer anatuletea askari kijana anayerithi cheo pamoja na madeni ya baba yake. Anampenda binti mzuri wa tabaka lake, lakini anamwoa binti wa mfanya biashara tajiri, ambaye hana uzuri wa sura, ili mali ya ukoo isiuzwe. Mwandishi hatuambii mwishoni kwamba penzi la kwanza lilikuwa uongo. Anatuonyesha kwamba mtu aweza kujengewa maisha na mwema asiyemwota, kwa chakula kilichopikwa vizuri, kwa uvumilivu, kwa kuzoeana. Na kwamba mke yule alijua tangu siku ya kwanza kuwa hakupendwa. Kitabu kinachekesha tangu mwanzo hadi mwisho. Anayekiita usingizi na akisome.

Na hata tukikubali kwamba hadithi hizi hupumzisha, je, kupumzika ni kosa? Baada ya kifo cha Heyer, katika barua chache alizozihifadhi, ilionekana barua ya mwanamke mmoja wa Rumania aliyekuwa mfungwa wa siasa. Alieleza kwamba gerezani aliwasimulia wafungwa wenzake, mara kwa mara, kisa cha Friday's Child, kitabu cha mwaka 1944 ambacho ni cha mzaha mtupu, na kwamba masimulizi hayo yaliwasaidia kuhifadhi akili zao. Vitabu vizito vilikuwapo duniani. Kilichodumu kichwani mwa mfungwa huyo, kikamfaa yeye na wenziwe, kilikuwa kile ambacho wahakiki wetu wangekiita upuuzi. Nadhani mfungwa ni mhakiki mzuri kuliko sisi katika swali la kitabu gani kina faida, kwa sababu yeye hana anasa ya kujifanya.

Lasalia shitaka la tatu, la uongo wa historia, na hapa sitaki kuficha palipo na kweli. Katika mambo ya desturi Heyer alikuwa mchunguzi. Aliweka madaftari ya mavazi, ya magari, ya bei za vitu na ya misemo ya mtaani. Na katika An Infamous Army, cha mwaka 1937, aliieleza vita ya Waterloo ya mwaka 1815 kwa usahihi uliosifiwa na wajuzi wa vita. Lakini usahihi wa kofia si usahihi wa nchi. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, ila utumwa wenyewe katika makoloni mengi uliendelea mpaka sheria ya mwaka 1833. Na sheria hiyo iliwatengea wenye watumwa fidia ya paundi milioni 20, hali watumwa hawakupewa hata senti. Sukari iliyotiwa katika chai ya mabibi wale ilitoka katika mashamba hayo, na hadithi aghalabu zimenyamaza. Zimenyamaza pia juu ya watu wa Manchester waliokanyagwa na farasi wa askari mwaka 1819 kwa kudai haki ya kura. Tena katika The Grand Sophy, cha mwaka 1950, Heyer amemchora Myahudi mkopeshaji fedha kwa sura ya chuki ambayo haina udhuru, hasa ikiwa ni miaka mitano tu baada ya vita iliyoangamiza mamilioni ya Wayahudi.

Haya ni makosa, nami sitayapunguza. Walakini na tuulize: je, makosa haya yametokana na wepesi? Riwaya nzito za Kiingereza nazo zilinyamaza juu ya mashamba ya miwa, na wakopeshaji Wayahudi wa sura mbaya wamo katika vitabu ambavyo twavifundisha kwa heshima kubwa. Kosa ni la jicho la mwandishi, si la aina ya hadithi. Ushahidi ni kazi ya Beverly Jenkins, Mmarekani Mweusi, ambaye tangu Night Song ya mwaka 1994 ameandika mapenzi ya kale yenye mwisho wa furaha kati ya watu Weusi wa karne ya 19. Katika Indigo, cha mwaka 1996, mpendwa ni mwanamke aliyezaliwa utumwani, ambaye sasa huwaficha watoro wanaokimbilia uhuru. Mwandishi huyu hakuwataka watu wake walie tu ndipo wahesabiwe kuwa wamo katika historia. Amewapa harusi.

Neno hilo la mwisho latuhusu sisi. Riwaya yetu ya mambo ya kale imeandikwa kwa machozi, na machozi hayo yalikuwa haki: Kasri ya Mwinyi Fuad, ya Adam Shafi, ya mwaka 1978, ilipasa kuandikwa vile ilivyoandikwa. Lakini tumewaachia vijana imani kwamba mababu zao walifanya mambo mawili tu, kuteswa na kupigana. Aniceti Kitereza alikwisha tuonyesha njia nyingine. Kitabu chake juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, ni habari ya mume na mke wa zamani wanaopendana, na ndani yake mna ulevi, mzaha, ukwe na upatanishi. Twakisifu kwa elimu yake ya mila. Ni wachache wanaosema wazi kwamba kinafurahisha kwa kuwa ni hadithi ya mapenzi.

Najua swali litakaloulizwa: yawezekana kuandika mapenzi ya kucheka katika Unguja ya mikarafuu ya kwanza, ndani ya nyumba zilizopikiwa na kufagiliwa na watumwa? Najibu kwamba yawezekana, kwa sharti moja. Mtumwa asiwe mbeba sinia apitaye nyuma ya wapendanao. Awe naye ana ampendaye, ana ulimi, ana hila, na mwisho wa furaha uwe wake pia au usiwe wa mtu. Mwandishi akilishika sharti hilo, kicheko chake kitasema juu ya utumwa jambo ambalo kilio hakikulisema, yaani kwamba bwana alimiliki mikono ya watu wale lakini hakuwamiliki wote wazima.

Mwanachuo mmoja aliwahi kuniletea pendekezo la tasnifu juu ya vijitabu vya mapenzi. Jopo lililolisoma, katika chuo ambacho sitakitaja, lilimrudishia kwa maneno manne: halina uzito wa kitaaluma. Halikuonyesha hoja iliyokosewa wala kitabu kilichosahauliwa. Naye aliandika juu ya jambo jingine, akafaulu, na sisi tukabaki hatujui lolote juu ya vitabu ambavyo vijana husomeana usiku mabwenini.

Kwa hiyo natoa rai kwa idara zetu. Kwanza, aina hii ifundishwe na kuhakikiwa kwa vipimo vile vile vya lugha, wahusika na ukweli ambavyo twavitumia kwa tanzu nyingine. Iliyo mbovu iitwe mbovu baada ya kusomwa. Pili, mashindano yetu ya uandishi yawe na nafasi ya hadithi fupi ya mapenzi ya kale, na mwandishi asipunguziwe alama kwa kuchekesha. Tatu, yeyote atakayelikataa pendekezo la mwanachuo juu ya vitabu hivi aandike chini ya sahihi yake ni vingapi amevisoma. Nadhani baada ya hapo mapendekezo mengi yatapita.