Kidato cha sita umemaliza: chuo sasa, au mwakani?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa saba, kila mtu mtaani anageuka mshauri. Mjomba anasema nenda chuo, usipoteze muda. Jirani ambaye mwanae ana digrii na anaendesha bodaboda anauliza, chuo cha nini? Na mkubwa fulani wa serikali akipanda jukwaani anawaambia vijana wajiajiri, wasitegemee vyeti. (Wanawe wanasoma wapi? Tuliache hilo.)

Sisi vijana wa upinzani tuseme letu. Kusubiri mwaka mmoja si kosa. Kosa ni kwamba wengi wetu hatuamui, tunaamuliwa.

Angalia ratiba yenyewe. Mtihani mwezi wa tano. Wengine mnaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, matokeo yanawakuta kambini. Dirisha la udahili linafunguliwa, unachagua kozi kwa simu ya kuazima, unathibitisha chuo. Majina ya mkopo je? Yanakuja mwezi wa kumi huko, kwa awamu, vyuo navyo ndiyo vinafunguliwa. Yaani mzazi anatakiwa aamue kabla hajajua mkopo upo au haupo. Auze ng'ombe leo, au asubiri awamu ya pili? Akisubiri na jina lisitoke, nauli na ada ya kuanzia anaitoa wapi? Halafu tunaambiwa vijana hatujui kupanga maisha!

Na bumu si sadaka, ni deni. Tangu sheria ibadilishwe 2016, ukiajiriwa unakatwa 15% ya mshahara wa msingi. Awali ilikuwa 8%. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021, na haikuondoka yenyewe. Watu walipiga kelele miaka.

Sasa ushauri. Mkopo umepata na kozi unaitaka? Nenda, hakuna anayekuhakikishia mwakani. Mkopo hujapata, na kozi yenyewe uliibahatisha? Usikubali baba auze shamba kwa kuogopa maneno ya majirani. Kiulize chuo, kwa maandishi, kama unaweza kuahirisha. Mwaka huo fanya kazi, jifunze ufundi VETA, na nyoosha nyaraka zako. Wapo wanaokosa mkopo si kwa kuwa wana uwezo, bali cheti cha kuzaliwa au cha kifo cha mzazi hakijahakikiwa RITA. Ukikaa tu unachati hadi mwezi wa kumi mwingine, hapo hatutakutetea.

Kwa dada zetu hesabu ni nyingine kabisa. Mvulana akikaa nyumbani mwaka anaitwa anajipanga. Msichana anaanza kuletewa posa. Dada, kama kwenu hali ndiyo hiyo, hata cheti au diploma ya chuo cha karibu ni bora kuliko kusubiri digrii ukiwa nyumbani.

Kwa serikali tunadai jambo moja: majina yote ya mkopo yatoke kabla ya siku ya mwisho ya kuthibitisha chuo. Mnaweza kupanga tarehe ya mtihani nchi nzima, hili linawashinda nini?

Uliyekwama na fomu, mtafute katibu wa vijana wa kata yako wiki hii. Njoo na vyeti vyote, na namba ya mtihani ya kidato cha nne usiisahau.