Shangazi Hatozi Kiingilio

Nimechoka na mashairi ya mizizi iliyokatwa. Ukifungua kurasa za wapenda fasihi wa Kiswahili, hukosi kijana anayelilia asili yake iliyopotea, anayejiuliza yeye ni nani, halafu mwishoni anaongeza kwamba angependa sana kuutafiti ukoo wake ila hana fedha. Ndugu yangu, fedha za nini? Bibi yako yuko Korogwe, mzima, ana simu ya kitochi.

Jibu lako nalijua, maana nililitoa mwenyewe kwa miaka. Tumeaminishwa kwamba historia ya ukoo ni mambo ya Wamarekani: unatema mate kwenye kichupa, unalipa kama dola 100 hivi, unasubiri barua pepe ikwambie wewe ni asilimia kadhaa ya hiki na asilimia kadhaa ya kile. Ambaye wazee wake walivushwa bahari na kunyang'anywa hata majina simlaumu, hana wa kumuuliza. Wewe unaye. Na asilimia hizo hazitakwambia mama yake bibi yako aliitwa nani, wala kwa nini ndugu wawili waliacha kusalimiana.

Au tunasema kila kitu kiko kwenye nyaraka za Ulaya. Vingine viko, kweli. Lakini hata majalada mengi ya utawala wa Kijerumani yako hapa hapa Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa, yakiwa na mwandiko wa kale ambao Mjerumani wa leo mwenyewe anaukodolea macho. Tuseme umeyafikia, na umeyasoma. Humo watajaa maakida, majumbe, wenye mashamba na waliofungwa. Mkulima aliyelipa kodi akanyamaza, nani alimwandika?

Kila siku tunanunua nguo Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, katika vita vya 1914 hadi 1918. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi mno waliokufa katika vita hivyo hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina yao. Sasa hapo nauli ya London itakusaidia nini? Jina ambalo halikuandikwa halipo London. Kama lipo popote, lipo kinywani mwa mtu.

Sisi kwetu ni Pangani. Nimekua nikiambiwa asili yetu Shirazi. (Pwani nzima asili yake Shirazi, sijui hilo jahazi lilikuwa na ukubwa gani.) Nilikuwa nimeanza kuweka akiba ya kichupa cha mate, msinicheke. Mwaka jana nikampelekea shangazi kilo mbili za sukari na majani ya chai, nikamkuta amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikamuuliza swali la kijinga: "Shangazi, asili yetu hasa wapi?" Akajibu kama wanavyojibu wote. Shirazi.

Nikabadili. Nikamuuliza baba yake babu alizikwa wapi.

Mkono ukasimama. "Hakuzikwa na wenzake," akasema. "Walimweka kule nje." Akakuna kidogo, akaacha tena. "Yule hakuja kwa jahazi, mwanangu. Alikuja kwa miguu."

Aliitwa Farijala. Kwamba mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa, hilo liko vitabuni, na Mabruki, Feruzi na Farijala yalikuwa majina ya kawaida ya watumwa wa pwani. Jina hilo tumelitaja kwenye hitima miaka yote, wazi kama bango la duka, na hakuna aliyelisoma. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922. Babu yangu alikuwa mtoto anayekimbia. Siongelei enzi za masultani, naongelea baba wa mtu aliyenifundisha alifu na be.

Kumbe miaka yote tatizo halikuwa fedha. Tulikuwa tunaona haya. Kisingizio cha fedha kina raha yake, hakimuudhi mtu: ukisema huna nauli watu wanakuonea huruma, ila ukiuliza nani alizikwa nje ya makaburi, chai inapoa.

Sisi wasomaji ndio hatuna udhuru kabisa. Desturi za Wasuaheli, iliyochapishwa 1903 na Carl Velten kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake, inaeleza habari za watumwa kwa Kiswahili chetu, bila kuficha. Tunaisoma kama vile inahusu majirani. Na tafadhali, usinitajie tena ule msemo wa Amadou Hampâté Bâ kuhusu mzee na maktaba. Kila tamasha la vitabu lazima mtu ausimamie, ukumbi upige makofi. Wangapi kati ya wapiga makofi wameazima hata kitabu kimoja kwenye maktaba hiyo?

Usiulize asili. Uliza nani alimwosha maiti, nani alisimamia ndoa, nani alimpa mtoto jina. Usiulize mwaka, uliza kama vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, kama ilikuwa kabla ya Operesheni Vijiji. Wazee wote wamekwisha? Nenda msibani ukawasikilize watani. Utani una sababu yake, watu walipigana au walisafiri pamoja, na mtani husema mbele ya maiti mambo ambayo ndugu hawathubutu. Kwenye mazishi ya babu mzee mmoja wa kusini alijitangaza mtani wetu akadai kilemba. Tulicheka, tukampa. Hakuna aliyemuuliza amekuwaje mtani wa Washirazi.

Gharama yangu yote ilikuwa nauli, sukari na bando la kumpigia tena.

Lakini kuna bili nyingine. Baba mkubwa amesikia. Binti yake anachumbiwa, na ukoo wa mchumba ni watu wa kuulizauliza. Amenipigia akitaka nifute nilichorekodi. Shangazi yeye alinipa sharti moja tu, nisiandike jina lake, na nimelishika. Ana mtoto wa jicho, na siku hizi anachanganya waliokufa na walio hai, kwa hiyo muda wa kusubiri ruhusa sina. Jumamosi nimeitwa kikao cha ukoo. Nitapitia kwake kwanza, asubuhi, maana bado hajanionyesha hiyo kule nje ni wapi.