Zabibu Moja, Njia Mbili

Mwenzetu mmoja, anayetaka kwenda kuchuma zabibu wakati wa vuli, ametuuliza kama kazi hiyo inamfaa Muislamu, ilhali zabibu hukamuliwa ulevi. Hukumu ni ya masheikh. Sisi, kama walimu wa zamani, tutaeleza historia tu.

Tukitoka hapa Lower West Side na kufuata ufuo wa Ziwa Erie kuelekea kusini-magharibi, twafika wilaya ya Chautauqua, nchi ya mizabibu. Ziwa huikinga mimea na jalidi. Katika mji wa Brocton, shemasi Elijah Fay alipanda mizabibu mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1859 kikafunguliwa humo kiwanda cha mvinyo, cha kwanza wilayani.

Lakini ulevi ulipata wapinzani papo hapo. Desemba 1873 wanawake wa Fredonia, mji wa jirani, waliandamana hadi kwenye vilabu vya pombe, wakiwataka wenyewe wavifunge. Kabla ya hapo, mwaka 1869, Thomas Welch, daktari wa meno wa New Jersey, alikuwa amechemsha chupa za maji ya zabibu ili kuiua hamira iliyomo. Hamira ikifa, maji hayachachi. Alitaka kanisa lake lipate kinywaji kisicholevya. Mwanawe, Charles, aliihamishia biashara hiyo Westfield, wilayani Chautauqua, mwaka 1897. Mwaka 1956 wakulima wenyewe, kwa ushirika wao, wakawa wamiliki wake.

Basi zabibu nyingi za ukanda ule, za aina ya Concord, huenda kwenye juisi na jeli. Hata hivyo, sheria ya jimbo la New York ya mwaka 1976 iliwarahisishia wakulima kutengeneza na kuuza mvinyo wao, na viwanda vidogo vikaongezeka. Mashamba mawili yaliyopakana yaweza kuwa na wanunuzi wawili tofauti kabisa.

Kwa hiyo, ndugu yetu, kabla ya kutia sahihi, muulize mwenye shamba mavuno yake yanauzwa kwa nani. Si utovu wa adabu kuuliza. Kisha upeleke jibu hilo kwa sheikh, nawe ukimkumbusha hadithi inayowalaani mkamuaji na mchukuzi wa ulevi pamoja na mnywaji. Riziki ya halali huanza kwa swali.

Wabillahi tawfiq.