Kiingereza Safi ni cha Nani?

Wako watu wengi, katika Uingereza kwenyewe na katika nchi nyingine zilizojifunza Kiingereza, waaminio kwamba lugha hiyo ina tamko moja tu lililo safi, na kwamba matamko mengine yote ni makosa, uvivu wa ulimi au dalili ya ujinga. Imani hii husemwa kwa hakika kubwa, kama isemwavyo kwamba jua hutoka mashariki. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba imani hiyo haina mguu wa kusimamia. Kiingereza kiitwacho safi hakikupewa heshima kwa uzuri wa sauti zake. Kilipewa heshima kwa sababu ya cheo cha watu waliokisema.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili. Lafudhi ni namna ya kutamka maneno. Lahaja ni zaidi ya hayo, maana ina maneno yake na sarufi yake pia. Mtu aweza kuandika Kiingereza sanifu kisicho na doa, kisha akakisoma kwa lafudhi ya Leeds, ya Bristol au ya Newcastle pasipo kubadili hata neno moja. Wanaokemea lafudhi aghalabu huchanganya mambo haya mawili, wakadai kwamba wanailinda sarufi, kumbe wanachokichukia ni mahali alikozaliwa msemaji.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Kutoka Liverpool hadi Manchester ni mwendo wa kilomita 50 hivi, usiopita sana ule wa Nairobi hadi Thika. Lakini mwenyeji wa mji mmoja hawezi kudhaniwa kuwa wa mji wa pili mara afunguapo kinywa. Liverpool ni bandari, na katika karne ya 19 ilipokea umati wa watu kutoka Ayalandi, hasa baada ya njaa iliyoanza mwaka 1845. Wageni hao wakaacha alama katika usemi wa mji. Newcastle na Sunderland zimeachana kwa kilomita 20 tu, na huko nako wenyeji hutambuana kwa tamko la neno moja au mawili. Hata mkate mdogo wa mviringo hauna jina moja: katika Manchester huitwa "barm", katika Nottingham "cob", katika Coventry "batch", na katika Sheffield "breadcake". Kichochoro kipitacho baina ya nyumba ni "ginnel" katika Leeds, "jitty" katika Leicester, na "twitten" katika Sussex. Ni nani kati ya hawa aliyekosea? Kila mmoja hupata mkate wake, na kila mmoja hufika nyumbani kwake.

Tofauti hizi hazikuletwa na uvivu. Zililetwa na historia. Makabila yaliyoleta lugha hiyo katika kisiwa kile kuanzia karne ya 5 hayakuwa kabila moja, wala hayakukaa mahali pamoja. Mwaka 866 majeshi kutoka Denmaki yaliutwaa mji wa York, na wengi wa watu wao wakafanya maskani kaskazini na mashariki ya nchi. Maneno yao yangaliko. Katika York barabara nyingi za kale zina majina yaishiayo kwa "gate", neno ambalo hapo maana yake si lango bali ni njia, kama walivyolitumia wageni wale.

William Caxton, aliyeleta mtambo wa kupiga chapa katika Uingereza mwaka 1476, alisimulia mwaka 1490 kisa cha wafanyabiashara walioshuka pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja wao aliomba mayai akitumia neno "eggs". Mwanamke aliyeulizwa akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akaghadhibika, maana hata yeye hakukijua Kifaransa. Hawakuelewana mpaka mwingine alipotaja neno la kusini, "eyren". Msomaji, zingatia mwisho wa jambo hili. Neno lililodhaniwa kuwa la kigeni, ambalo lilitokana na lugha ya wale wavamizi wa kaskazini, ndilo lililoshinda. Leo kila mtoto wa shule katika Kenya hufundishwa "egg", na wala hapana aambiwaye "ey". Likiwa neno la mashamba ya kaskazini laweza kuwa sanifu, basi usafi wa neno hauko katika asili yake.

Ilikuwaje basi usemi mmoja ukapanda juu ya mingine? Jibu ni rahisi. London ilikuwa na mfalme, mahakama, fedha na mitambo ya vitabu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Waliokuwa na mamlaka waliandika kama walivyozoea, na wengine wakafuata. Kwa maandishi jambo hili lilileta faida kubwa, nami silipingi. Lakini baadaye wenye cheo hawakutosheka na kalamu. Walitaka kutawala ndimi pia.

Tutazame ushahidi wa sauti, kwa kuwa hapo ndipo dai la usafi livunjikapo. Katika kusini ya Uingereza maneno "put" na "cut" hayana sauti moja, ingawa yameandikwa kwa herufi moja. Katika kaskazini yana sauti moja, ile iliyo karibu na "u" ya Kiswahili. Ni upande gani uliopotoka? Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, aliishi kabla ya sauti hizi mbili kuachana. Watu wa kaskazini wameshika ya kale. Waliobadili ni wa kusini. Hali kadhalika neno "bath". Mwungwana wa London huivuta irabu yake ikawa ndefu, na mtu wa Leeds huitamka fupi. Leo irabu ndefu huhesabiwa kuwa alama ya malezi mema. Lakini John Walker, aliyetunga kamusi mashuhuri ya matamko mwaka 1791, aliona kwamba kuivuta irabu hiyo katika maneno mengi ya namna hii kunakaribia ushenzi. Yaliyokuwa aibu kwa babu yamekuwa fahari kwa mjukuu, na sauti ni ile ile.

Lakini ushahidi ulio mkubwa kuliko wote ni wa herufi mbili, "r" na "h". Watu wa Somerset na Devon tangu zamani walitamka "r" katika neno "farm", na wengi wangali wakifanya hivyo, kama wafanyavyo watu wa Skotilandi na Ayalandi. Watu wa London waliiacha sauti hiyo kidogo kidogo, na kufikia mwisho wa karne ya 18 ilikuwa imekwisha kufifia. Watu maskini wa London, pamoja na watu wa miji mingi mingine, waliiacha "h" mwanzoni mwa maneno, wakasema "ouse" badala ya "house". Tendo ni moja, nalo ni kuacha sauti iliyoandikwa. Lakini aliyeacha "r" aliitwa mstaarabu, na aliyeacha "h" akaitwa mjinga. Kwa nini? Kwa sababu "r" iliachwa na matajiri pamoja na maskini, na "h" iliachwa na maskini peke yao. Atakaye kutetea usafi wa tamko moja na ajibu swali hili kwanza. Kama kuacha herufi ni kosa, wote wamekosa. Kama si kosa, hapana aliyekosa. Hukumu ya namna mbili juu ya tendo la namna moja si elimu, ni upendeleo.

Upendeleo huu ulipewa jengo na bendera. Shule za malipo makubwa ziliwakusanya watoto wa wenye mali kutoka pande zote za nchi na kuwatoa na sauti moja. Daniel Jones alipoitia sauti hiyo katika kamusi yake ya mwaka 1917, aliipa jina la shule hizo. BBC ilipoanza mwaka 1922, ilichagua sauti hiyo hiyo kwa watangazaji wake. Katika mwaka 1941, wakati wa vita, Wilfred Pickles wa Halifax katika Yorkshire alipewa kusoma habari kwa taifa zima kwa lafudhi yake. Wasikilizaji wengi walilalamika. Habari hazikuwa na kasoro. Kilichowaudhi ni kuzisikia katika kinywa cha mtu wa kaskazini. Na sauti iliyoitwa sauti ya taifa ilikuwa ya watu wangapi? Mwaka 1974 Peter Trudgill, mtaalamu wa lugha, alikisia kwamba waliokuwa nayo ni asilimia 3 tu ya watu wa Uingereza. Watu 3 katika 100 ndio waliokuwa kipimo, na 97 ndio waliokuwa kosa!

Wengine husema kwamba hawana chuki na mtu, ila lafudhi fulani ni mbaya masikioni, kama ile ya Birmingham. Neno hili nalo limepimwa. Mwaka 1970 Howard Giles aliwasikilizisha Waingereza lafudhi mbalimbali, na ile ya Birmingham ikawekwa chini kabisa. Lakini yeye na Trudgill walionyesha baadaye, mwaka 1978, kwamba wasikilizaji kutoka Marekani na Kanada, wasiojua lafudhi hizo ni za miji gani, hawakuzipanga kwa safu ile ile. Sikio lisilojua habari za viwanda na moshi wa Birmingham halikusikia ubaya wowote. Ubaya huo umo katika fikira za msikilizaji. Tena mji wa Stratford, alikozaliwa Shakespeare, uko mwendo mfupi tu kutoka Birmingham hiyo inayodharauliwa.

Iwapo yuko adhaniye kwamba usemi wa kienyeji hufunga akili, na atazame maisha ya Joseph Wright. Alizaliwa karibu na Bradford mwaka 1855. Alipokuwa bado mtoto mdogo aliongoza punda katika machimbo ya mawe, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha kusokota sufu. Na alikaribia umri wa miaka 15 kabla ya kujua kusoma. Mtu huyu akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1901. Hakuona haya kwa lugha ya kijiji chake. Aliiandikia kitabu cha sarufi mwaka 1892, akionyesha kwamba ina kanuni zake kama lugha yoyote. Kamusi yake ya lahaja za Kiingereza, iliyotoka baina ya 1898 na 1905, ina majuzuu 6. Baada yake Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds aliongoza kazi ya kukusanya usemi wa wazee wa mashambani katika mahali 313, kati ya mwaka 1950 na 1961. Wataalamu hao walikwenda kwa wakulima kama wanafunzi waendavyo kwa walimu, wakauliza na kuandika. Waliojua zaidi ndio waliodharau kidogo.

Mpinzani atasema: lugha isiyo na kipimo kimoja itavunjika, na watu hawataelewana. Hoja hii ina haki yake, nayo yastahili jibu. Kipimo kimoja kipo, nacho ni Kiingereza sanifu cha maandishi. Kila mwanafunzi hana budi kukijua, maana mitihani, sheria na vitabu viko ndani yake. Tena kila msemaji ana wajibu wa kutamka waziwazi ili mgeni amwelewe. Lakini kueleweka ni jambo moja, na kuiga sauti ya tabaka moja ni jambo jingine. Mwalimu wa Newcastle aweza kueleweka London bila ya kuwa mtu wa London. BBC yenyewe leo ina watangazaji wenye lafudhi za pande mbalimbali, na habari hazijapotea. Hata hivyo dharau haijafa: ripoti iliyotolewa na Sutton Trust mwaka 2022 ilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa vyuo vikuu waliotoka kaskazini walihofu kwamba lafudhi zao zingewazuia kufanikiwa. Hasara iko hapo. Kijana mwenye jibu hunyamaza darasani, na mwenye ujuzi hunyimwa kazi, kwa sababu ya irabu.

Jambo hili latuhusu sisi tusomao katika Kenya. Mwanafunzi asimamapo kusoma Kiingereza, na lugha ya mama yake ikasikika ndani yake, mara nyingi huchekwa na wenziwe. Wanaocheka hudhani kwamba wanasimama upande wa Waingereza. Lakini ni Waingereza gani? Wa Leeds, wa Bristol, wa Liverpool, au wale 3 katika 100? Nasi tuna somo karibu yetu zaidi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uchaguzi huo ulifaa shule na vitabu, lakini haukukifanya Kimvita kuwa Kiswahili kibovu. Muyaka bin Haji alikuwa amekwisha kutunga mashairi yake kwa Kimvita karibu miaka 100 kabla ya mkutano huo, na hapana kamati iwezayo kuyafanya makosa.

Basi, kijana msomaji, jifunze Kiingereza sanifu kwa bidii na ukiandike vema. Tamka maneno yako ili usikiwe hata na aliye nyuma ya chumba. Ukimsikia mwenzako akisema kwa lafudhi ya kwao, sikiliza analosema, ukalipime kwa ukweli wake. Na akitokea mtu wa kukucheka kwa sauti yako, mwulize kwa upole akuonyeshe kosa liko katika sarufi gani. Kama hana la kukuonyesha, endelea kusema.