Lami Imefika Mbamba Bay, Fungu la Dada Liko Wapi?

Mwenye kurejea leo Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa baada ya miaka ishirini hupigwa na butwaa. Wilaya ya Nyasa imemegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, takribani kilomita 66 za milima na kona, sasa ni lami. Mwaka 2024 ujenzi wa bandari mpya ukaanza.

Wapo wanaolalamika kuwa kwao kumeharibika. Hoja hiyo tunaipinga. Vumbi halikuwahi kumfanya mtu kuwa mcha Mungu, wala lami haimfundishi mtu uovu. Anayeililia njia ya zamani na amuulize mama aliyeshikwa na uchungu juu yake wakati wa masika.

Lililotushikisha kalamu ni jingine. Barabara ikifika, bei ya ardhi hupanda. Ufukwe uliokuwa pa kuanikia usipa leo una mnunuzi. Hapo ndipo kaka aliye mjini, ambaye hata msimu wa kuchuma kahawa ameusahau, hukumbuka ghafla kuwa ana kwao. Hufika Idd, hulala siku tatu, huuza shamba la marehemu baba, huondoka. Dada aliyebaki akilipalilia shamba hilo na kumuuguza mzazi huambiwa: "Wewe umeolewa, huna chako hapa."

Tunauliza: kauli hiyo imetoka katika kitabu gani? Surat an-Nisaa imempa binti fungu lake kwa kipimo maalumu, iwe mali ni nyingi au ni haba. Haikuliacha kwenye hisani ya kaka. Na anayejificha nyuma ya mila za ukoo ajue kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Basi dhulma hii imekataliwa na dini, ikakataliwa na nchi. Imebaki kwa nani, kama si kwa tamaa?

Wengine hujitetea kuwa sehemu ya fedha wataitoa msikitini. Hiyo si sadaka! Mali ya dhulma haitakasiki kwa kupitishwa mbele ya mihrabu.

Ndugu Waislamu, utaratibu uko wazi. Mazishi yagharimiwe, madeni yalipwe, wasia utekelezwe usiozidi theluthi, kisha kila mrithi apewe chake mbele ya mashahidi. Baada ya hapo, atakaye kuuza fungu lake na auze kwa kufuata sheria. Maimamu walifundishe jambo hili kwenye khutba kabla mnunuzi hajafika, na halmashauri za vijiji zisiidhinishe mauzo ya urithi usiogawanywa. Na wewe mnunuzi, kabla ya kuuliza bei, uliza kwanza: "Dada zako wako wapi?"